Mtoto wa Lugha Tatu: Ule Ushauri Ulitoka Wapi?

Wiki hii hatuzungumzi juu ya chanjo wala uzito. Tunazungumza juu ya ulimi wa mtoto, na nitakurudisha nyuma miaka mingi, kwa maana jambo hili lina historia yake, na mimi mwenyewe nimo ndani yake.

Ikiwa unaishi Nyeri, Karatina, Nanyuki, Kerugoya, Embu au Meru, huenda nyumba yako inafanana na nyingi ninazozitembelea. Cucu anamsemesha mtoto kwa Kikuyu, au Kiembu, au Kimeru. Baba na mama wanachanganya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Huko nasari mwalimu anaimbisha kwa Kiingereza. Nanyuki ndiyo imezidi: katika ploti moja utasikia Kikuyu, Kimeru, Kisomali, Kisamburu na Kiturkana kabla maji ya chai hayajachemka. Mtoto anakua katikati ya hayo yote. Kisha anafika miaka miwili na nusu, maneno yake ni ya kuhesabika, na majirani wanasema: "Mmemchanganya huyu. Lugha ni nyingi mno."

Maneno hayo hayakuanza na jirani yako. Hata sisi wauguzi tumeyasema. Mimi nimeyasema.

Miaka michache baada ya kupata diploma yangu, nikiwa zamu katika kliniki ya watoto ya kituo fulani cha afya, mama mmoja aliniletea mvulana wa miaka miwili na miezi minane. Chanjo zote alikuwa amepata, uzito ulikuwa sawa, alitembea vizuri na kupanda kila kiti alichokiona. Lakini maneno yake yalikuwa manne tu, na hayo manne aliyaelewa mama peke yake. Nikauliza nyumbani wanaongea lugha gani. Alipotaja tatu, nikaona nimepata jibu. Nilimwambia achague moja, Kiswahili, ili mtoto asichanganyikiwe, na arudi baada ya miezi sita. Mama yule alinitii. Alikwenda nyumbani akamweleza mama mkwe wake, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu, kwamba sista amekataza Kikuyu. Cucu akanyamaza. Basi yule aliyeshinda na mtoto kutwa nzima akawa anamlisha na kumwosha kimya kimya.

Nitarudi kwa mvulana huyo. Kwanza tuulize mimi nilitoa wapi ushauri ule. Chuoni mwalimu mmoja alitutajia, naye bila shaka alitajiwa na mwalimu wake. Ukiufuata nyuma utafika mbali sana na Mlima Kenya.

Mwaka 1923 mtafiti aitwaye D. J. Saer alichapisha matokeo ya kupima akili za watoto wa shule huko Wales, nchi ndogo iliyo pamoja na Uingereza, ambako wengine huongea Kiwelisi nyumbani na Kiingereza shuleni. Akasema watoto wa lugha mbili wa mashambani walipata alama za chini kuliko wa lugha moja. Habari hiyo ilienea, na kwa miaka mingi walimu na madaktari wa nchi nyingi waliamini kwamba lugha ya pili inaula ubongo wa mtoto. Wachache walijali kwamba mjini Saer mwenyewe hakuiona tofauti hiyo. Tena mtoto wa mkulima maskini alikuwa akilinganishwa na mtoto ambaye maisha yake ni mengine kabisa.

Ilipita karibu miaka 40. Mwaka 1962 Elizabeth Peal na Wallace Lambert walifanya kazi yao Montreal, Kanada, pamoja na watoto wa miaka 10. Safari hii walihakikisha kwamba wale wa lugha moja na wale wa lugha mbili wanatoka katika familia za hali inayolingana. Matokeo yaligeuka: watoto waliojua vizuri Kifaransa na Kiingereza walifanya vyema zaidi. Hapo ndipo wanasayansi walianza kuiacha ile imani ya zamani. Lakini wewe unajua jinsi mambo yalivyo, msikilizaji. Habari mbaya hufika kijijini kwa matatu ya kwanza, na masahihisho huja kwa miguu.

Hapa kwetu imani hiyo ilikutana na jambo lingine: shule. Wazee wetu wengi wanakumbuka kile kibao alichovishwa mtoto aliyepatikana akiongea lugha ya nyumbani, akikibeba mpaka ampate mwenzake wa kumpa. Baada ya uhuru, Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendelea Kiingereza kitumike tangu darasa la kwanza. Mwaka 1976 Tume ya Gachathi ikasema miaka mitatu ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lile shule ilipo. Mtaala wa umilisi ulioanza nchini kote mwaka 2019 nao una somo la lugha za kiasili katika gredi za chini. Lakini mzazi aliyevishwa kibao akiwa mdogo hasomi ripoti za tume. Anachokumbuka ni aibu, na akipata mtoto anataka amwepushie. Kwa hiyo nilipomwambia yule mama aache Kikuyu, hakushangaa hata kidogo. Ilikuwa kama neno alilokuwa akilisubiri.

Sasa tuje kwa watafiti waliofika kwa watoto wetu wenyewe. Hii ndiyo sehemu inayonifurahisha, kwa maana nyingine ilifanyika hapa hapa mlimani.

Kati ya mwaka 1972 na 1975, Sara Harkness na Charles Super kutoka Marekani waliishi Kokwet, katika jamii ya Wakipsigis, wakitazama jinsi watoto wanavyokua. Mwaka 1977 walichapisha makala yenye swali la ajabu: kwa nini watoto wa Kiafrika ni vigumu kuwapima? Jibu lao halikuwa kwamba watoto wetu hawajui. Walisema kwamba mtoto wa kijijini hufunzwa kusikia na kutii anapoagizwa na mkubwa. Hafunzwi kujitokeza mbele ya mtu mzima na kusimulia. Mkalishe mbele ya mtu asiyemfahamu, mwulize maswali, naye atainamisha kichwa. Mpimaji asiyejua desturi ataandika kwamba mtoto hana lugha. Nilipoijua habari hiyo nilikumbuka dawati langu. Ni watoto wangapi niliowaandika "haongei" kwa sababu walikataa kuongea na mimi, mwenye nguo nyeupe na sindano?

Kisha tuje Embu. Katika miaka ya 1980 kulikuwa na utafiti mkubwa wa lishe uliofanyika katika nchi tatu, Misri, Meksiko na Kenya, kwa fedha za serikali ya Marekani. Upande wa Kenya ulikuwa Kyeni, karibu na Runyenjes, na walioshirikiana ni Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles. Miongoni mwao walikuwa Profesa Nimrod Bwibo, daktari wa watoto, Charlotte Neumann, na Marian Sigman aliyekuwa mtaalamu wa saikolojia ya watoto. Lengo lao kubwa lilikuwa kujua njaa isiyo kali sana inamfanya nini mtoto. Ukame wa mwaka 1984 ukawakuta katikati ya kazi, na ikawa wanaandika chakula cha familia huku chakula chenyewe kikipungua.

Lakini hawakupima sahani peke yake. Walifuata zaidi ya watoto 100, kutoka umri wa miezi 15 hadi miezi 30. Walikwenda nyumbani kwao mara kwa mara wakaketi, wakaandika nani anamshika mtoto, nani anamsemesha, mtoto akitoa sauti nani anamjibu. Watoto walipofika miezi 24, na tena miezi 30, walipimwa maendeleo ya akili. Matokeo yalichapishwa mwaka 1988. Watoto waliosemeshwa mara nyingi, waliojibiwa walipotoa sauti, na waliokaa na mtu katika mazungumzo au mchezo wa muda, ndio walioweza mambo mengi zaidi katika vipimo.

Tafadhali lisome tena hilo la kujibiwa. Mtoto anasema "ba", na mtu anageuka na kumwambia, "Eh, baba amekwenda?" Hakuna gharama. Hakuna kifaa cha kununua. Na watoto hao wa Kyeni walikua katika nyumba za wakulima wa Embu, wakisemeshwa lugha ya nyumbani kwao, si katika nyumba zenye vitabu vya Kiingereza ukutani.

Utafiti huo haukuwekwa kwa ajili ya swali la lugha nyingi, na sitaki kuupa kazi isiyokuwa yake. Lakini uweke karibu na ushauri wangu. Kinachomjenga mtoto ni kusemeshwa na kujibiwa. Mimi nilimnyamazisha yule mtu mmoja aliyekuwa na wakati wa kumsemesha na kumjibu.

Kwa wale watakaouliza: ndiyo, ni wataalamu hao hao, Neumann na Bwibo, waliorudi Embu mwaka 1998 na kuwapa watoto wa shule githeri, wengine iliyoongezwa nyama, wengine wakapewa na maziwa, wengine mafuta. Waliopata nyama waliendelea vizuri zaidi katika kipimo cha kutatua mafumbo. Hiyo ni mada ya siku nyingine, tutaileta tukifika lishe.

Kutoka mlimani tushuke mpaka pwani, Kilifi, ambako kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust. Huko walikuwa na shida ambayo kila muuguzi anaijua: utajuaje mtoto mdogo ana maneno mangapi ikiwa hataki kuongea nawe? Nchini Marekani kulikuwa na orodha ya maneno ambayo mzazi hupewa karatasi akaijaza mwenyewe nyumbani. Lakini orodha ya Kimarekani ingemsaidia nini mama wa Kilifi? Maneno si yake, vitu vingine havimo nyumbani mwake, na huenda hakusoma.

Katie Alcock wa Chuo Kikuu cha Lancaster nchini Uingereza, pamoja na Wakenya kama Amina Abubakar na Patricia Kitsao-Wekulo, na wenzao wengine, walitengeneza orodha mpya, moja ya Kiswahili na moja ya Kigiriama, kwa watoto wa miezi 8 hadi 28. Hawakutafsiri tu. Waliongea na wazazi, wakawarekodi watoto wakiongea kwa uhuru, wakachukua maneno yaliyotoka katika vinywa vya watoto wenyewe. Kisha wakawauliza wazazi kwa mdomo badala ya kuwapa karatasi. Familia zaidi ya 300 zilihojiwa. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2015, na ilionyesha kwamba majibu ya mzazi yanaaminika, hata kama hakusoma, hata kama mtoto analelewa na watu kadhaa.

Unaona uzito wa jambo hilo? Mama wa kijijini alihesabiwa kuwa shahidi wa kutegemewa. Miaka mingi tulimwuliza mama tarehe ya chanjo, tukadhani habari ya ulimi wa mtoto tunaijua sisi.

Kilifi walitufundisha jambo lingine pia. Kazi ya Julie Carter na wenzake katika miaka ya 2000 ilionyesha kwamba miongoni mwa watoto walioponea malaria kali, ile ya kupoteza fahamu au ya degedege nyingi, wapo waliobaki na matatizo ya lugha, na walikuwa wengi kuliko miongoni mwa watoto wasiougua hivyo. Ninyi wa Mwea kwenye mashamba ya mpunga, mnaoijua malaria kuliko sisi wa Nyeri mjini, msikie hilo. Mtoto aliyelazwa kwa malaria ya kichwa afuatiliwe maongezi yake miezi na miaka inayofuata, wala asihukumiwe kwamba ni mvivu.

Mwaka 2012 kukawa na mkutano katika mji wa Cork, Ireland. Kundi la wataalamu 57 wa maongezi ya watoto wa lugha nyingi, chini ya uongozi wa Sharynne McLeod wa Australia, lilitoa tamko la pamoja. Wataalamu hao kwa pamoja walikuwa wamefanya kazi katika nchi 33 na kwa lugha 26. Kwa ufupi walisema kwamba watoto wasaidiwe kuwasiliana katika lugha za familia na jamii yao, na kwamba mtoto akipimwa, zihesabiwe lugha zake zote. Na upande wetu huu wa Afrika, mwaka 2015 Nazneen Gangji na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cape Town walichapisha kazi waliyofanya na watoto 24 wa Dar es Salaam, wa miaka 3 hadi karibu 6, ili kuanza kujua sauti za Kiswahili mtoto huzipata katika umri gani. Watoto 24 ni wachache, lakini kabla ya hapo mpimaji alilazimika kuazima vipimo vya watoto wa Kiingereza.

Kuhesabu lugha zote maana yake nini? Chukua mtoto wa Karatina. Kwa Kikuyu anasema "ngui", "iria", "cucu". Kwa Kiswahili anasema "maji", "gari", "kiatu". Kwa Kiingereza anasema "bye". Ukimpima kwa Kiswahili peke yake utaandika maneno matatu, nawe utaogopa. Hesabu yote: ni saba. Kuchanganya maneno ya lugha mbili katika sentensi moja si ugonjwa pia. Ukitaka kuthibitisha, panda matatu ya Othaya uwasikilize watu wazima.

Na kabla sijasahau, hili la "r" na "l". Kila wiki kuna mzazi anayeniambia mtoto wake ana ulimi mzito kwa sababu anasema "rara" badala ya "lala". Mpendwa, Kikuyu hakina sauti ya "l". Mtoto anatumia sauti alizozisikia nyumbani, kama wewe, kama mimi, kama waheshimiwa tunaowasikia kwenye taarifa ya habari. Hiyo ni lafudhi. Tena Kikuyu kina irabu saba ambapo Kiswahili kina tano, kwa hiyo ulimi huo unaouita mzito unafanya kazi ambayo mgeni hutokwa jasho kuijifunza. Usimcheke, wala usimkatishe kila akisema, maana atachagua kunyamaza.

Sasa yule mvulana. Miezi sita ilipokwisha mama alirudi naye. Maneno hayakuongezeka, nadhani moja lilikuwa limepotea. Siku hiyo nilikuwa zamu na muuguzi mwenzangu, mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Hakuuliza lugha. Alisimama nyuma ya mtoto, akagonga kijiko kwenye kikombe cha bati. Mtoto hakugeuka. Akagonga tena kwa nguvu, mtoto akageuka upande usio wenyewe. Tulimtuma hospitali kubwa kwa wataalamu wa masikio, na huko wakakuta maji yaliyokaa kwa muda mrefu nyuma ya ngoma za masikio yote mawili. Lugha tatu hazikuwa na hatia. Mtoto alikuwa akisikia kama mtu aliyezamisha kichwa kwenye karai, na mimi nikampunguzia hata sauti ya karibu iliyokuwa ikimfikia, sauti ya cucu wake, kwa nusu mwaka mzima katika umri ambao mwezi mmoja ni mkubwa.

Alitibiwa. Ilichukua miezi, na kusikia kwake hakukurudi kote. Nilikwenda nyumbani kwao mwenyewe kumwomba cucu radhi. Alinipa chai, akasema alijua tangu mwanzo kwamba mtoto hasikii, lakini hakuna aliyemwuliza.

Kwa hiyo mzazi, nakuomba utazame mambo haya, hata kama nyumbani kwako kuna lugha moja au tano. Mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa jina, au asiyetoa sauti za kubwabwaja. Wa mwaka mmoja na nusu asiye na neno lolote katika lugha yoyote. Wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili, kama "mama kuja". Mtoto wa umri wowote aliyekuwa akiongea kisha akaacha. Masikio yanayotoa usaha, hata kama hayaumi. Usiyatie mafuta wala maji ya majani. Usingoje kwa sababu eti mjomba wake naye alichelewa. Lugha nyingi hazisababishi mambo hayo, kwa hiyo usikubali muuguzi akurudishe nyumbani kwa sababu hiyo peke yake. Mwambie akague masikio.

Zaidi ya hospitali, kuna vituo vya tathmini vya elimu maalum, wengi huviita EARC, vilivyoanzishwa nchini mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Uliza ofisi ya elimu iliyo karibu nawe. Ikiwa itaonekana mtoto hasikii kabisa, tuna shule za viziwi Tumutumu na Kerugoya, na lugha ya ishara ya Kenya imetajwa katika Katiba ya mwaka 2010 kuwa lugha ambayo serikali inapaswa kuiendeleza. Hiyo pia ni lugha kamili, na familia nzima inaweza kujifunza, pamoja na cucu.

Ukija kliniki kwa ajili ya maongezi ya mtoto, njoo asubuhi, kabla foleni ya chanjo haijawa ndefu na kelele hazijazidi. Lete kitabu cha kliniki. Andika, au mwambie mtoto mkubwa akuandikie, maneno yote ambayo mdogo anayasema, ya lugha zote, hata yale ambayo anayatamka nusu. Na ikiwezekana, uje na yule anayeshinda naye mchana. Siku hizi kiti cha pili huwa nimeshakiweka.